Samani na Muda Unaofichwa Ndani Yake

Kiti cha enzi cha mwambao wa Afrika Mashariki, ambacho mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walikiunda kwa mbao nyeusi na kukitia nakshi za pembe na mifupa, hakikukusudiwa mtu mwenye haraka. Mgongo wake umesimama wima, pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa nyuzi, na mbele chini pana kibao cha kuwekea miguu, hivyo anayekikalia hawezi kujilaza wala kuinuka ghafla, bali hukaa kama mtu anayesubiriwa na wengine. Vipande vyake huungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya kipande kimoja huingizwa katika tundu la kingine bila msumari, ili kiti kiweze kufunguliwa, kupakiwa chomboni na kuundwa upya. Fundi wa namna hiyo alitarajia kwamba kazi yake ingepitia mikononi mwa mafundi wengine.

Kitanda cha kamba, ambacho Watanzania hukiita kwa utani teremka tukaze, kina muda wa aina nyingine. Kamba hulegea kwanza pale nyonga zinapolemea, kisha bonde huenea, mpaka walalaji washuke na kuivuta mstari baada ya mstari. Ubovu wake, kama ni ubovu, ni mdogo na hurudi kila mara, na dawa yake imo mikononi mwa mwenye kitanda.

Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala Mjerumani aliyehamia Vienna, alitoa kiti namba 14, chenye vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili, ambapo viti 36 vilivyofunguliwa vilitosha katika sanduku la mita moja ya ujazo. Nacho hufunguka, ila hapa kufunguka kulimfaa kwanza mfanyabiashara aliyehesabu nauli, ingawa, kwa haki, skrubu zake zikilegea hukazwa tena.

Kabati la siku hizi la mbao za vumbi, yaani vumbi na vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, limerithi skrubu za Thonet bila kurithi uimara wa mti wake: skrubu ikichomolewa tundu humong'onyoka, na ikirudishwa haishiki vizuri, kwa hiyo kabati lililotulia ukutani kwa miaka mingi huharibika siku mpangaji anapohama nyumba.