Mji Ukipotewa na Kiwanda, Nani Ataupanga?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matano: mpango, halmashauri, kiwanja, fidia, hati. Yasomeni pamoja kwa sauti. Maneno hayo mtayasikia mara nyingi leo.

Somo letu linahusu Kilosa na Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro. Tutajiuliza hivi: Kwa nini watu wa mji uliokuwa na kazi nyingi zamani hunung'unika juu ya mipango ya halmashauri yao? Na mtu akisha kunung'unika, afanye nini?

1. Zamani mkonge ulilisha mji

Reli ya Kati ilijengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilitoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ipo katika njia hiyo. Palipo na reli mzigo hupata njia ya kwenda bandarini. Kwa hiyo mashamba makubwa ya mkonge yalienea Kimamba, Rudewa na sehemu nyingine za wilaya.

Shamba la mkonge si shamba tu, ni kiwanda pia. Jani likishakatwa hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona. Korona huliponda na kulikwangua, na maji mengi huosha takataka zake. Nyuzi zinazobaki, yaani katani, huanikwa juani, husuguliwa kwa brashi, kisha hufungwa marobota. Kazi hiyo ilihitaji wakataji, mafundi, madereva, makarani na wapishi. Watu walitoka mbali kuja kuifanya, wakakaa kambini, wakazaa watoto wakawa wenyeji.

Sasa angalieni jambo hili. Katika mji wa namna hiyo, mwenye shamba ndiye aliyepanga mambo mengi. Kambi ikae wapi, barabara ipite wapi, maji yatoke wapi, hayo yaliamuliwa katika ofisi ya shamba. Mfanyakazi hakuulizwa. Lakini alijua mlango wa kwenda kulalamika, kwa maana mlango ulikuwa mmoja.

2. Kazi ikapungua

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Hakuna nchi nyingine duniani iliyotoa mkonge mwingi kama huo. Kisha kamba za plastiki na nailoni zikaingia sokoni, na bei ya katani ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa. Bei haikupanda, mashine zilichakaa, na mashamba mengi yakaingia msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa karibu tani 20,000 tu. Chukueni kalamu mfanye hesabu: kila tani 100 za zamani zilikuwa zimebaki kama tani 9.

Je, watu walitoweka pamoja na mkonge? Hapana. Watu walibaki. Walibaki na nyumba za kambi, na mabomba yaliyotoboka, na barabara zisizo na mwenyewe wa kuzifukia mashimo.

3. Mzigo ukahamia kwa halmashauri

Ofisi ya shamba ikifungwa, watu hugeuza macho kuitazama halmashauri. Lakini halmashauri nayo ina historia yake. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa wilaya na mikoa. Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi na zaidi, wakati mkonge ulipokuwa ukianguka, hapakuwa na baraza la madiwani la kuketi na kufikiri: mji huu utaishi kwa kazi gani sasa?

Iko shida ya pili, nayo ni hati. Hati ni karatasi ya kisheria inayoonyesha nani ana haki ya kutumia ardhi. Shamba laweza kuwa pori tupu, lakini maadamu hati ingalipo, halmashauri haiwezi kuingia tu na kupima viwanja. Ndiyo sababu mtu wa Kilosa aliweza kusimama mlangoni pake, akatazama maelfu ya ekari zilizolala bure, huku mwanawe hana mahali pa kujenga. Hati ya namna hiyo hufutwa na Rais, kwa utaratibu wa sheria. Hati za baadhi ya mashamba yaliyoachwa Kilosa zimekwisha kufutwa ili ardhi igawiwe upya. Hapo ndipo mpango mzuri unapohitajika zaidi, kwa kuwa ardhi ikigawiwa vibaya mara moja, kuirekebisha huchukua kizazi kizima.

Msidhani haya ni mambo ya karatasi tu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulimwaga damu, na watu zaidi ya 30 wakauawa. Mahali ambapo mipaka ya kulima na kuchunga haikukubaliwa na pande zote, hasira hukaa chini kama moto wa pumba.

4. Manung'uniko ya watu ni yapi?

Tukiyapanga, tutaona makubwa matatu.

La kwanza: watu huona kigingi kabla ya kusikia habari. Mtu anaamka asubuhi anakuta bikoni imesimikwa katika shamba lake la mahindi. Anauliza, anaambiwa, "Ni mpango." Mpango wa nani? Ulijadiliwa lini? Huenda mpango wenyewe ni mzuri, una shule na soko ndani yake. Lakini mtu aliyeukuta umekwisha kuamuliwa atauona kama wizi. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpimaji anajua kamba na darubini yake; mwenyeji ndiye ajuaye maji ya masika hupita wapi.

La pili: mahali pa usalama na mahali pa riziki huwa mbalimbali. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa. Nyumba zilianguka, maelfu ya watu walikosa makao, na reli ilikatika. Watu waliishi katika mahema kambini. Baada ya gharika ya namna hiyo, halmashauri husema, "Msijenge bondeni." Neno hilo ni la haki. Lakini bondeni ndiko kwenye udongo mzuri, na ndiko karibu na soko na kituo cha reli. Mama anayeuza mboga akipewa kiwanja kilimani, mbali na maji na wateja, je, amesaidiwa? Amesaidiwa nusu. Mpango unaotaja mahali pa kulala tu, bila kutaja njia, maji na kazi, ni nusu ya mpango. Lakini nasi tukubali kwamba mtu anayerudi kujenga palepale mto ulipopita anawaweka watoto wake hatarini, na kiongozi anayemnyamazia ili apate kura hamtendei wema.

La tatu: mji kubanwa. Tazameni Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1975 ikapanuliwa. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia inapita ndani ya hifadhi, kisha inapita katikati ya mji. Kuna reli pia itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mikumi hupata riziki kwa wasafiri, madereva wa malori na watalii. Lakini mji hauwezi kupanuka kuelekea hifadhini, na aliyejenga kibanda katika eneo la barabara huishi akiogopa alama nyekundu ya X. Hapa makosa huwa pande zote mbili: mwananchi alijenga bila kuuliza, na wenye mamlaka wakamwangalia akijenga mpaka paa likaezekwa.

5. Mpango hupita njia gani?

Mpango wa maendeleo huanza chini. Kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, mwanamke na mwanamume, ajuaye kusoma na asiyejua. Mkutano huo hutakiwa kukutana kila miezi mitatu. Katika mji mdogo, kama Mikumi, wakazi hukutana katika vitongoji vyao.

Kutoka hapo mapendekezo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kisha huenda kwenye halmashauri, ambako madiwani huyajadili na kupitisha bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Basi mtu anayeleta ombi lake mwezi wa Mei amechelewa. Basi limekwisha ondoka.

Msichanganye watu wawili. Diwani huchaguliwa nanyi kwa kura, naye ndiye mdomo wenu. Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa, naye husimamia watumishi na fedha. Ukimlaumu diwani kwa kazi ya mkurugenzi, au mkurugenzi kwa kazi ya diwani, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole, nawe utarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilitungwa mwaka 1999, na Sheria ya Mipango Miji mwaka 2007. Sheria ya Ardhi inataka mtu anayeondolewa katika ardhi yake kwa manufaa ya wote alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Sheria ya Mipango Miji inataka wenye ardhi na wadau wengine waitwe wasikilizwe kabla mpango wa mji haujapitishwa. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza, "Tulikaa lini juu ya jambo hili?" haleti fujo. Anauliza swali la sheria.

6. Hesabu ya leo

Hesabu hii ni mfano tu. Tuseme halmashauri ina shilingi 100. Kitongoji cha kwanza kinataka kisima cha shilingi 50. Cha pili kinataka daraja la shilingi 40. Cha tatu kinataka zahanati ya shilingi 60. Jumlisheni: 50 na 40 na 60 ni 150. Zimepungua shilingi 50.

Basi lazima kitu kimoja kingoje. Swali si kwa nini kimengoja, bali nani aliyeamua, na kwa sababu gani. Aliyekuwapo mkutanoni aweza kusema, "Tulikubali daraja na kisima kwanza, zahanati ni mwakani." Asiyekuwapo atasema, "Wamekula fedha." Huenda kweli zimeliwa, huenda hazikuliwa. Namna ya kujua ni kudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Na ninyi mliojifunza kusoma, kazi yenu ni kuisimamia karatasi hiyo na kuisoma kwa sauti, ili wasiojua bado nao wasikie.

7. Zoezi la kuandika

Nung'uniko la kilabuni huishia kilabuni. Barua huwekwa katika faili, na faili hudai jibu. Nakilini barua hii katika madaftari yenu, mjaze nafasi zilizo wazi:

Kwa Mtendaji wa Kata,
Kata ya ………

Ndugu,
YAH: Kuomba maelezo ya mpango wa viwanja

Sisi wakazi wa kitongoji cha ……… tumeona bikoni zimewekwa katika mashamba yetu tarehe ……… Tunaomba tuelezwe mambo manne: mpango huu ulipitishwa na mkutano gani, ramani yake tutaiona wapi, watakaohama watalipwa fidia gani na lini, na maji na barabara vitafika lini katika viwanja vipya. Tunaomba mkutano kabla ya tarehe ………

Nakala: Diwani wa Kata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
(majina na sahihi)

Angalieni kwamba barua haimtukani mtu. Inauliza mambo manne, na inataja siku. Wekeni nakala moja kwenu, na mwombeni anayeipokea aweke sahihi na tarehe.

8. Maswali ya kuzungumza darasani

(a) Katika mji au kijiji chenu, ni ardhi gani iliyolala bure, na hati yake ni ya nani?
(b) Mkutano wenu wa mwisho ulifanyika lini? Wanawake wangapi walisema neno?
(c) Tangu mwaka 2024 treni za abiria za reli mpya zinapita Kilosa kwenda Dodoma. Mkiulizwa leo eneo la kituo litumiwe vipi, mtajibu nini?
(d) Ni mahali gani kwenu pasipofaa kujengwa kwa ajili ya maji? Nani amewaambia wageni?

Ndugu wanafunzi, swali la (c) lijadilini kwa bidii kuliko mengine. Reli ya kwanza ilipofika, wenyeji hawakuulizwa, na mkonge ukapangwa na wengine. Reli ya pili imekwisha fika. Safari hii mnajua kusoma, mnajua kuandika, na mnajua mlango wa kubisha.

Kwa herini, na tusikilizane tena katika somo lijalo.