Nyumba za Kupanga Toronto: Jua Aina ya Nyumba Kabla Mwana Hajashusha Begi

Kila ikikaribia Septemba, simu baina ya Muscat, Dubai na Toronto huwa hazipumziki. Mtoto kapata chuo, viza imetoka, tiketi imekatwa, kilichobaki ni chumba tu. Picha zinaanza kupita kwenye WhatsApp: kitanda hiki, dirisha lile, jiko hilo. Mzazi anauliza kodi kiasi gani na chuo kiko mbali vipi, kisha anatuma pesa. Swali kubwa zaidi halimpitikii: mbele ya sheria ya jiji, hii ni nyumba ya aina gani?

Hatumlaumu. Mzazi wa Ghuba kazoea serikali iijue nyumba kabla mpangaji hajalala ndani yake. Dubai mkataba husajiliwa Ejari, na bila ya karatasi hiyo kuunganishiwa umeme na maji ni shida. Muscat mkataba hupita Manispaa. Toronto mambo si hivyo. Mikataba mingi ya nyumba huandikwa kwenye fomu rasmi ya jimbo la Ontario, iliyoanza kulazimishwa tarehe 30 Aprili 2018, lakini karatasi hiyo hubaki baina ya mwenye nyumba na mpangaji. Hakuna ofisi inayoipiga muhuri. Tena hakuna leseni moja ya jiji kwa kila anayekodisha. Jiji limezigawa nyumba mafungu, na kila fungu lina kanuni zake.

Fungu gani, ulinzi gani

Fungu la kwanza ni majengo makubwa ya kupangisha, yale yenye ghorofa tatu au zaidi na fleti kumi au zaidi. Haya yako chini ya mpango wa jiji uitwao RentSafeTO, ulioanza Julai 2017. Mwenye jengo anatakiwa alisajili kila mwaka na kulilipia ada. Lazima aweke ubao wa matangazo kwa wapangaji, awe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kuyaandika, na awe na mpango wa usafi na wa kuzuia wadudu. Jambo la dharura, kama kukatika maji, umeme au joto, lijibiwe ndani ya saa 24. Mengineyo ndani ya siku saba. Wakaguzi hupita kulipa jengo alama, na alama hizo ziko wazi kwenye tovuti ya jiji. Mzazi aliyekaa Salalah anaweza kuzisoma.

Fungu la pili ni nyumba za vyumba: vyumba vinne au zaidi vinavyokodishwa kwa watu mbalimbali wasioishi kama familia moja, ambao wanashirikiana jiko au choo. Wanafunzi wengi huishia humu. Kwa miaka mingi nyumba hizi ziliruhusiwa sehemu chache tu za jiji. Scarborough, North York na East York zilikuwa marufuku, na kwa hivyo zilijificha. Toka tarehe 31 Machi 2024 zimeruhusiwa jiji zima, kwa sharti la leseni inayohuishwa kila mwaka, ukaguzi wa moto, choo kimoja kwa kila vyumba vinne, na katika mitaa mingi ya makaazi visizidi vyumba sita. Ukiona nyumba yenye vyumba tisa vilivyogawiwa kwa mbao, na mwenyewe anasema leseni "iko njiani", hapo pana maneno.

Fungu la tatu ndilo linalowachanganya watu. Ni fleti za mtu mmoja mmoja kwenye majengo ya kumiliki, nyumba nzima, na nyumba za chini ya ardhi ambazo huku kila mtu anaziita besimenti. Hizi RentSafeTO haizigusi, wala hazina leseni kama ya nyumba za vyumba. Besimenti yenye jiko lake ni halali ikiwa imejengwa kwa kibali na kufuata kanuni za ujenzi na za moto. Lakini kibali hakibandikwi mlangoni. Usipouliza, huambiwi.

Kwa nini jiji linasumbuka hivi? Kwa sababu watu wamekufa. Tarehe 23 Disemba 1989 nyumba ya vyumba iliyoitwa Rupert Hotel, katikati ya mji, iliungua na kuua watu 10. Agosti 2018 hitilafu ya umeme iliwasha moto kwenye jengo la 650 Parliament Street, mtaa wa St. James Town wenye wahamiaji wengi. Wakaazi wapatao 1,500 walitoka na nguo walizovaa, na wengi hawakurudi majumbani mwao kwa zaidi ya mwaka. Kifaa cha kuhisi moshi kilichokufa betri si jambo dogo.

Mkaguzi huja akiitwa

Nyumba nyingi hazitaona mkaguzi mpaka mpangaji alalamike. Leseni ni karatasi. Anayeitia uhai ni yule anayelala ndani. Na hapa ndipo watoto wetu wanapokwama.

Nimesomesha miaka mingi na nawajua. Mtoto aliyelelewa kwa adabu ukimuuliza hali husema "hamna tabu". Analala na koti kwa sababu joto halifiki, na bado hamna tabu. Toronto mwenye nyumba anayewajibika kwa joto anatakiwa ahakikishe halishuki chini ya nyuzi 21 katika msimu wa baridi. Hiyo ni kanuni, si ihsani yake. Lakini mtoto anachelea kuitwa mkorofi, na zaidi anachelea viza. Anadhani mkaguzi na uhamiaji ni mlango mmoja.

Si mlango mmoja. Baraza la jiji lilipitisha mwaka 2013 kwamba wakaazi wapate huduma za jiji bila ya khofu, hata asiye na karatasi kamili. Mwanafunzi mwenye viza halali hana sababu ya kutetemeka.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kwanza mpangaji amwandikie mwenye nyumba, barua pepe au ujumbe wa simu, aeleze tatizo, aweke tarehe na picha. Asilimalize kwa maneno ya mlangoni tu. Asipojibiwa, apige 311, aombe namba ya malalamiko na aihifadhi. Aliye nje ya mji hupiga +1 416 392 2489. Kuna wakalimani. Mkaguzi akikuta kosa, humpa mwenye nyumba amri ya kutengeneza na muda wake.

Je, akifukuzwa kwa kulalamika? Sheria ya Ontario haimruhusu mwenye nyumba kubadilisha kufuli akamtoa mtu. Lazima apeleke ombi kwenye Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji, na Bodi inatakiwa ilikatae ombi hilo ikiwa limeletwa kwa sababu mpangaji alishitaki kwa mamlaka. Hata njia ya "nataka kukarabati" imebanwa: toka tarehe 31 Julai 2025, mwenye nyumba anayetaka mpangaji ahame kwa ukarabati anahitaji leseni ya jiji kwa kazi hiyo.

Tuseme ukweli pia. Nyumba isiyo na leseni ikishindwa kutimiza masharti inaweza kufungwa, na mwana akajikuta anatafuta chumba Januari, barafu hadi magotini. Ndio maana kazi kubwa ni ya kabla, si ya baada.

Chumba kwa jamaa

Hili tuliseme kwa upole, manake linatugusa sote. Wengi wetu tunaona salama ya mtoto ni kumweka kwa mtu wa kwetu: bin ami, mtoto wa jirani wa Mombasa, familia tuliyosali nayo. Ni jambo jema. Lakini sheria ya upangaji ya Ontario haimlindi anayeshirikiana jiko au choo na mwenye nyumba, au na mke, mume, mzazi au mtoto wake, anayeishi humo humo. Hana Bodi ya kumkimbilia. Akiambiwa ondoka, amebaki na ubinaadamu wa mwenyewe tu.

Basi akikaa kwa jamaa, andikianeni. Kodi kiasi gani, notisi ya muda gani, nani anatengeneza nini. Kuandikiana si kutiliana shaka. Qur'ani yenyewe imetuamrisha kuandika deni, hata baina ya waumini. Na jamaa anayekodisha naye ajue kwamba kifaa cha kuhisi moshi na mlango wa kutokea ni amana, hata kama mpangaji ni mtoto wa dada yake.

Kabla ya kutuma pesa

Uliza anwani kamili, si jina la mtaa. Uliza ni jengo, fleti, besimenti au nyumba ya vyumba, na wangapi wanatumia jiko. Kama ni nyumba ya vyumba, taka kuiona leseni, kisha ithibitishe 311. Kama ni jengo kubwa, tazama alama zake. Kama ni besimenti, uliza kibali, uliza dirisha la kutokea, uliza kifaa cha moshi na cha hewa ya kaboni monoksidi.

Amana anayoweza kudai mwenye nyumba ni kodi ya mwezi wa mwisho, basi. Kudai kodi ya miezi sita mbele, au pesa za "uharibifu", hakuruhusiwi. Wageni hudaiwa kila siku kwa sababu hawajui.

Na umwambie mwanao, kabla hajapanda ndege, kwamba kulalamika kwa haki si utovu wa adabu. Mficha uchi hazai. Siku atakayopiga simu kusema chumba kina unyevu na joto hakuna, usimjibu "vumilia, mwanangu". Muulize ameandika au hajaandika.