Gripu ya raketi: Namna ya kuchagua bila kuumiza mkono

Mzazi mmoja ametuuliza swali ambalo kwa haraka linaonekana si la ukurasa wa afya. Amemnunulia kijana wake wa kidato cha pili raketi ya tenisi ya mtumba. Raketi yenyewe ni nzima na nyuzi hazijakatika, lakini ule utepe wa kushikia umechakaa, unanata na kuacha weusi kiganjani. Anauliza anunue upi badala yake, na kama ni kweli kwamba utepe mbaya unaweza kumletea kijana maumivu ya kiwiko.

Swali hili ni la afya kabisa. Mpini ndiyo sehemu ya raketi inayokutana na mwili wa mchezaji. Mpira ukigonga nyuzi, mtikisiko hupita hapo kuelekea kwenye kifundo cha mkono na kupanda hadi kwenye kiwiko. Jasho la kiganja nalo huishia hapo hapo, pamoja na vijidudu vyake. Wachezaji huuita utepe huo gripu, nasi tutatumia neno hilo hilo.

Gripu ziko za aina mbili na wanunuzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni gripu ya msingi, ambayo ni nene, milimita moja na nusu hadi mbili hivi, ina gundi upande wa ndani na hulala moja kwa moja juu ya mpini. Ya pili ni gripu ya juu, nyembamba, takribani nusu milimita, ambayo huzungushwa juu ya ile ya msingi na kutupwa ikichakaa. Ikiwa gripu ya msingi bado ni nzima ila inateleza kwa jasho, huna haja ya kuing'oa. Nunua ya juu, utaifunga mwenyewe kwa dakika tano. Lakini ikishaanza kumomonyoka na kunata, kama hiyo ya mzazi wetu, kuifunika ni sawa na kutandika shuka safi juu ya godoro lililolowa. Ing'oe.

Kunata huko kuna sababu yake. Gripu nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa poliyurethani, na aina nyingi za poliyurethani huvunjika taratibu zikikaa kwenye joto na unyevu. Sisi watu wa pwani tuna vyote viwili. Ndiyo maana raketi iliyofungiwa stoo miaka kumi inaweza kuwa na gripu mbovu kuliko ile inayochezewa kila wiki.

Anza na ukubwa

Wauzaji wengi watakuuliza rangi kwanza. Wewe anza na ukubwa. Tazama kitako cha mpini, utaona namba kuanzia 0 hadi 5. Namba hiyo inahesabu sehemu za nane za inchi juu ya inchi 4. Yaani namba 0 ni mpini wenye mzunguko wa inchi 4 kamili, namba 2 ni inchi 4 na robo, namba 3 ni inchi 4 na 3/8, na namba 4 ni inchi 4 na nusu. Tofauti kati ya namba moja na inayofuata ni kama milimita 3 tu, lakini mkono unaitambua.

Kupima ni rahisi. Kunjua kiganja cha mkono unaochezea, vidole vikiwa pamoja. Utaona mistari mitatu mikubwa. Weka rula kwenye mstari wa kati, ipite baina ya kidole cha kati na kidole cha pete, kisha soma urefu hadi ncha ya kidole cha pete. Urefu huo ndio mzunguko wa mpini unaokufaa. Asiye na rula ashike raketi kama anavyopiga, kisha ajaribu kuingiza kidole cha shahada cha mkono wa pili katika nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na nyama ya chini ya dole gumba. Kidole kikikosa pa kupita, mpini ni mwembamba mno. Nafasi ikizidi kidole kimoja, mpini ni mnene.

Ukijikuta katikati ya namba mbili, chukua ndogo. Gripu moja ya juu huongeza takribani nusu ya namba, kwa hiyo kunenepesha mpini ni kazi ya dakika chache. Kuupunguza ni kazi ngumu. Utabadilisha gripu nene kwa nyembamba na utapata nafuu kidogo tu, kwa sababu mpini wenyewe haukatwi.

Na kwa watoto, tafadhali wazazi wenzangu, tusifanye kama tunavyofanya na kanzu ya Idi, kwamba inunuliwe kubwa atakuja kuikulia. Raketi za watoto zipo, kuanzia urefu wa inchi 19 na kuendelea, na mipini yake ni myembamba. Mtoto wa miaka minane aliyepewa raketi ya baba yake huibana kwa nguvu zake zote isimponyoke.

Je, gripu inaleta kiwiko cha tenisi?

Jina la ugonjwa huu si geni. Mwaka 1883 jarida la madaktari wa Uingereza lilikwisha kuandika habari za kiwiko cha wacheza tenisi. Maumivu hukaa upande wa nje wa kiwiko, kwenye kifupa unachoweza kukigusa, pale inapojishikiza kano ya msuli unaoinua kifundo cha mkono. Mgonjwa huumia akibana ngumi, akifungua kifuniko cha chupa au akiinua birika la chai. Ajabu ni kwamba wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Sisi matabibu tunawaona mafundi seremala, wapaka rangi, na akina mama wanaokamua nguo na kukuna nazi. Wengi wao wako kati ya miaka 35 na 55. Kwa hiyo kijana wa kidato cha pili hayumo katika kundi la hatari kubwa, ila kama baba mtu naye huichezea raketi hiyo hiyo jioni, yeye ajihadhari.

Kwa muda mrefu walimu wa tenisi wamesema ukubwa usiofaa wa mpini ndio chanzo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili. Waliwachukua wachezaji 16 wa vyuo vikuu, wote wakiwa na mikono mizima, wakapima kazi ya misuli ya mkono kwa mpini wa kipimo sahihi, mpini mdogo kwa robo inchi, na mpini mkubwa kwa robo inchi. Hawakuona tofauti ya maana.

Je, basi ukubwa hauna maana? Mimi sioni hivyo. Waliopimwa walikuwa vijana hodari, wenye mbinu nzuri, kwa muda mfupi. Utafiti huo unatufundisha kutobebesha ukubwa peke yake lawama zote. Kinachochosha kano ni kubana kwa nguvu kwa muda mrefu, kuongeza saa za mchezo ghafla, na kupiga mpira wa upande wa pili kwa kukunja kifundo badala ya kutumia bega. Gripu inaingia hapo kwa mlango wa nyuma, kwani inayoteleza humfanya mtu abane zaidi bila kujijua, na iliyokauka ikawa ngumu haipunguzi mtikisiko. Vile vijipira vinavyobandikwa kwenye nyuzi, ambavyo wauzaji husema vinalinda kiwiko, hubadilisha mlio tu. Haijaonekana kwamba vinapunguza mtikisiko unaofika mkononi.

Aliyekwisha kuumia apumzishe mkono na asiukaushe kabisa. Ashike chupa ya maji ya nusu lita, aegemeze mkono mezani kiganja kikitazama chini, ainue kifundo akisaidiwa na mkono wa pili, kisha akishushe polepole bila msaada. Mara 15, apumzike, arudie hadi awamu tatu. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja.

Hapa ndipo penye hatari ambayo hasa nataka tuizungumze. Wagonjwa wengi wanadai sindano ya kiwiko, ile ya steroidi, kwa sababu maumivu hukatika ndani ya siku chache. Utafiti uliofanyika Australia kwa wagonjwa 165 na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia kwa mwaka mzima. Waliochomwa steroidi, asilimia 54 ugonjwa uliwarudia. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, ni asilimia 12 tu. Fundi anayetegemea mkono wake kulisha watoto asikubali sindano hiyo kabla ya kuelezwa hesabu hizi.

Jasho ndilo litakuchagulia

Ukishajua ukubwa, tazama kiganja chako. Gripu ya msingi ya kiwandani yenye sponji ndani hupunguza mtikisiko na inawafaa wanaoanza na wenye viwiko vinavyolalamika. Ya ngozi ni ngumu na hudumu zaidi, nayo huwafanya wachezaji wazoefu wazisikie vizuri pande nane za mpini, lakini huongeza kama gramu 10 na haina huruma kwa kano inayouma. Ngozi inayosifiwa sana ni ya ndama. Pakiti isiposema ni ya mnyama gani, muulize muuzaji. Asipojua, chukua ya kiwandani ambayo haina utata.

Kwa gripu za juu, zipo zenye kunata kidogo, ambazo ni nzuri kwa kiganja kikavu, na zipo kavu zenye kunyonya maji, kwa mfano Tourna Grip ile ya buluu, ambayo hushika vizuri zaidi ikipata unyevu. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa saa kumi jioni, mimi nachagua ya kunyonya. Wengine huongeza unga wa kukaushia mikono. Ivan Lendl, bingwa wa miaka ya 1980, alikuwa akitia unga wa mbao mfukoni. Lakini kama viganja vyako vinachuruzika hata ukiwa umekaa barazani, dawa za kupaka zipo, mwone tabibu. Na jasho la mwili mzima likiambatana na kukonda na moyo kwenda mbio, usihangaike na gripu, kapimwe tezi ya shingo.

Ngozi nayo ina maneno yake. Baadhi ya watu hupata muwasho na vipele kwa kemikali zilizomo kwenye mpira, au kwa kromiamu inayotumika kusindika ngozi. Vipele vikifuata umbo la mahali unaposhika mpini, badilisha aina ya gripu kwanza.

Shuleni raketi moja hushikwa na watoto kumi. Bakteria wa majipu huweza kukaa siku nyingi juu ya vitu vikavu, na kiganja chenye lengelenge lililopasuka ni mlango wazi. Mtoto mwenye kidonda kiganjani asishike raketi ya wenzake mpaka kifunikwe vizuri, na wote wanawe kwa sabuni baada ya mchezo. Lengelenge lisilopasuka liache. Likipasuka, osha kwa maji na sabuni, usichune ngozi ya juu, funika. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mkono au homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.

Kuibadilisha mwenyewe

Fungua ya zamani kuanzia juu, huku ukikariri inazunguka kuelekea upande gani, kwa sababu mpya itafuata upande huo huo. Anayetumia mkono wa kushoto huifunga kinyume. Kwenye kitako mara nyingi kuna pini, itoe kwa koleo, usiache ncha ikiwa nje. Mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Petroli na tina ziache, zinaweza kuharibu mpini. Anza kitakoni na ile ncha iliyochongwa, vuta kwa nguvu ya wastani, kila mzunguko ukilalia kidogo ukingo wa uliotangulia. Pakiachwa mwanya, kidole kitapata mchubuko. Pakilaliana sana, kutatokea matuta. Malizia juu kwa utepe uliomo ndani ya pakiti.

Gundi iliyoganda mikononi iondoe kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Usiiache mpaka wakati wa sala, maana ni tabaka linalozuia maji ya udhu yasifike kwenye ngozi. Vivyo hivyo utomvu wa msonobari ambao baadhi ya wachezaji hujipaka.

Gripu ya juu ibadilishe pindi inapoanza kuteleza au kung'aa. Kwa anayecheza mara mbili kwa wiki katika joto letu, haimalizi mwezi. Baada ya mchezo ifute, iache raketi ipigwe na upepo kivulini ndipo uirudishe mkobani. Na usiilaze kwenye buti la gari, maana joto la humo huimaliza gripu hata ya jana.