Ukitaka kushuka njiani Ufaransa, chunguza stesheni kwanza

TGV, treni ya mwendokasi ya Ufaransa, hutoka Paris hadi Marseille kwa muda wa saa tatu na ushei. Abiria huona mashamba, ng'ombe weupe wa Bourgogne na mnara wa kanisa kwa mbali, lakini miji yenyewe haioni. Ndiyo maana mwenye siku moja ya akiba hushauriwa ashuke njiani, ale, alale, kisha aendelee kesho yake. Ushauri huo naukubali. Shida ni kwamba wengi huchagua mji kwa picha, wakishafika ndipo wanapogundua kwamba picha na stesheni haviko mahali pamoja.

Ufaransa ina reli mbili zinazoelekea kusini. Ya kwanza ilitandazwa katikati ya karne ya 19, nayo ilifuata mabonde ya mito na kuipitia miji: Dijon, Beaune, Tournus, Mâcon, Lyon, Vienne, Avignon, Arles. Ya pili ni ya mwendokasi. Ilianza kazi mwaka 1981 kati ya Paris na Lyon, ikafika pwani ya Mediterania mwaka 2001. Treni ya kasi haipendi kona kali, na ardhi ya mjini ni ghali, kwa hiyo reli hii iliikwepa miji na stesheni zake nyingi zikajengwa porini. Aliyeshuka Miritini akadhani yuko Mombasa mjini anajua ninachosema. Stesheni ya Aix-en-Provence TGV iko kama kilomita 15 kutoka Aix yenyewe. Kaskazini kuna Haute-Picardie, iliyowekwa katikati ya mashamba, hata Wafaransa wakaibandika jina la stesheni ya bitiruti.

Kwa hiyo jina lenye herufi TGV mwishoni likushtue kidogo. Mâcon-Loché TGV si Mâcon. Avignon TGV nayo iko nje ya mji, ingawa hapo pana treni fupi inayokupeleka hadi stesheni ya zamani, mkabala na ukuta wa mji, kwa dakika tano hivi. Mwenye siku nzima hatajali. Mwenye muda wa saa nne atakuwa amekula sehemu nzuri ya mapumziko yake akisubiri basi.

Tiketi nayo ina masharti yake. Ya TGV ni ya treni ile, saa ile, kiti kile. Ukishuka njiani, huwezi kurukia inayofuata kwa tiketi hiyohiyo. Safari inabidi ikatwe vipande tangu siku ya kununua: TGV hadi Dijon, kama saa moja na nusu hivi kutoka Paris, kisha treni ya mkoa, TER, kuteremka nayo taratibu kuelekea Lyon. TER haidai kushika nafasi, na kwa kawaida nauli yake haipandi kadiri siku ya safari inavyokaribia. Kwenye reli hiyo ya zamani ndiko miji midogo iliko.

Beaune ni dakika ishirini tu kutoka Dijon, na watu huenda huko kwa ajili ya mvinyo. Mimi ningekwenda kwa ajili ya hospitali. Mwaka 1443 Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Bourgogne, alianzisha nyumba ya kutibu maskini, na wagonjwa waliendelea kulazwa humo hadi miaka ya 1970. Paa lake la vigae vya rangi limechapishwa kwenye kadi zote za posta. Ukumbi wa ndani una mengi zaidi. Vitanda vimepangwa pande mbili, kila kimoja na pazia lake jekundu, na mwisho wa ukumbi kuna kanisa dogo, ili mgonjwa afuate misa bila kuinuka. Hapo ndipo ilipowekwa picha kubwa ya Hukumu ya Mwisho iliyochorwa na Rogier van der Weyden. Milango yake ilifunguliwa siku za Jumapili na sikukuu, na mwenye homa akayaona yanayomngoja. Siku hizi picha imehamishiwa chumba cha pembeni. Beaune inastahili usiku mmoja, isipokuwa wikiendi ya tatu ya Novemba, wakati wa mnada wa mvinyo, ambapo chumba hakipatikani.

Kama una saa tatu au nne tu, nenda mbele hadi Tournus. Ni mji mdogo kando ya mto Saône, haujipambi sana, na abasia ya Saint-Philibert iko hatua chache kutoka stesheni. Watawa walifika hapo mwaka 875 wakiwa na mabaki ya mtakatifu wao, baada ya miaka mingi ya kuwakimbia Waviking kutoka pwani ya Atlantiki. Ingia ndani, usimame katikati, uangalie juu. Nguzo ni za mviringo, nene, za mawe yenye wekundu wa mbali. Dari la makanisa ya wakati ule kwa kawaida ni kuba moja refu kutoka mlangoni hadi altareni. Hapa mafundi waliweka makuba mafupi yaliyokingama, moja baada ya jingine. Kwa kuwa yanaegemeana, ukuta wa pembeni haukubeba uzito wote, wakaweza kufungua madirisha juu kabisa. Ndiyo maana kanisa la karne ya 11 lina mwanga namna ile.

Mizigo ndiyo inayoharibu mipango. Makabati ya kuhifadhia mabegi yapo kwenye stesheni kubwa, na hata huko si zote. Tournus usitegemee kitu. Mwenye sanduku kubwa ni heri alale, aliache hotelini tangu asubuhi, kuliko kuliburuta juu ya mawe ya vichochoro.

Kabla ya kulipa, soma ratiba kutoka chini kwenda juu: treni ya mwisho ni saa ngapi? Angalia pia kama safari unayoitaka ni ya treni kweli, maana kwenye ratiba za TER baadhi ya safari ni za basi, na basi halisubiri jukwaani bali mbele ya stesheni. Jumapili treni hupungua, Jumatatu maduka mengi hufungwa, na chakula cha mchana huliwa kati ya saa sita na saa nane; ukifika saa tisa utapata mkate, ukibahatika.

Ukiangukia Jumamosi, mahesabu yanabadilika. Siku hiyo Vienne, kusini kidogo ya Lyon, huwa na gulio linalojaza mitaa hadi karibu na hekalu la Kirumi la Augusto na Livia, na stesheni iko mjini. Arles nayo ina gulio lake. Kutoka stesheni kwenda kwenye uwanja wa Warumi ni dakika kumi kwa miguu, ukikatiza Place Lamartine, ilikokuwa nyumba ya njano ya van Gogh kabla ya mabomu ya 1944. Nenda asubuhi, ikifika saa saba mchana wachuuzi wanafunga meza.