Baiskeli Ng'ambo ya Rusumo: Namna Shule Inavyoandaa Safari ya Wanafunzi Nchini Rwanda

Kwa shule za sekondari zilizo magharibi ya Mkoa wa Kagera, nchi ya kigeni haiko mbali. Msafiri anayevuka Mto Kagera katika daraja la Rusumo hujikuta Rwanda kabla hata hajamaliza maji ya chupa yake. Ndiyo maana wazo la kuwapeleka wanafunzi kuendesha baiskeli katika vilima vya kando ya Ziwa Kivu si ndoto. Ni safari inayowezekana, mradi iandaliwe mapema na kwa utaratibu.

Rwanda imejijengea sifa katika mchezo huu. Mashindano ya Tour du Rwanda huvuta watazamaji barabarani kila mwaka, na mwezi Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika barani Afrika kwa mara ya kwanza. Njia inayofahamika zaidi kwa baiskeli za milimani ni Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikifuata ukingo wa mashariki wa Ziwa Kivu. Sehemu yake kubwa ni barabara ya udongo inayopita vijijini, katikati ya mashamba ya kahawa na chai. Miinuko yake ni mikali, na miteremko yake ni mikali vilevile.

Kuchagua sehemu na majira

Shule haihitaji kumaliza kilomita zote 227. Tena kuna sababu nzito ya kutofanya hivyo. Ncha mbili za njia hiyo zinapakana na miji ya Goma na Bukavu nchini Kongo. Mwezi Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, risasi na makombora yaliangukia Rubavu na kuua raia. Kwa kundi la watoto, busara ni kuiacha mipaka hiyo na kuweka kambi Karongi, mji ulio katikati ya njia. Kutoka hapo wanafunzi wanaweza kwenda na kurudi kwa vipande vya kilomita 20 hadi 30 kwa siku, huku mizigo, chakula na dawa vikibaki mahali pamoja. Hata hivyo, taarifa za usalama zithibitishwe na Ubalozi wa Tanzania mjini Kigali kabla ya kulipa malipo yoyote yasiyorejeshwa.

Likizo ya katikati ya mwaka inafaa zaidi, kwa kuwa miezi ya Juni na Julai ni ya kiangazi Rwanda na barabara za udongo huwa kavu. Mwezi Aprili uepukwe: mvua ni nyingi, na kuanzia tarehe 7 Aprili nchi hiyo huwa katika maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nayo ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za jamii. Asubuhi ya siku hiyo maduka hufungwa na magari hupungua barabarani, kwa hiyo isipangwe kuwa siku ya kusafiri.

Ruhusa na nyaraka

Hatua ya kwanza ni barua ya mkuu wa shule kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Afisa Elimu Sekondari. Barua iambatanishwe na lengo la safari, ratiba ya kila siku, orodha ya wanafunzi na walimu, makisio ya gharama na mpango wa usalama. Walimu, wakiwa watumishi wa umma, nao huhitaji kibali cha kutoka nje ya nchi. Shule isikusanye fedha kwa wazazi kabla ya kupata majibu ya maandishi.

Nyaraka za kusafiria ndizo huchukua muda mrefu kuliko shule nyingi zinavyodhani. Maombi ya pasipoti ya mtoto huhitaji cheti chake cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi na ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwanafunzi asiye na cheti cha kuzaliwa huanzia RITA, si Uhamiaji. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa vyeti ufanyike miezi sita kabla ya safari. Kwa safari za ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya kusafiria, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya pasipoti. Mkuu wa shule aulize mapema ipi inalifaa kundi lake.

Katika maeneo ya mpakani wapo wanafunzi ambao familia zao zimewahi kuhama, na karatasi zao hazijakamilika. Suala la mtoto wa namna hiyo lishughulikiwe faraghani, kati ya mzazi, mkuu wa shule na Afisa Uhamiaji. Halifai kuulizwa mbele ya darasa. Safari ya furaha isigeuke kuwa siku ambayo mtoto anaaibishwa mbele ya wenzake.

Fedha, na nani anayekwenda

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na michango ya wazazi haiwezi kuwa ya lazima. Safari ya aina hii ni ya hiari. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kunyimwa masomo, kuadhibiwa au kusemwa kwa kuwa mzazi wake hakuchangia.

Lakini neno «hiari» peke yake halitoshi. Kigezo kikiwa ni fedha tu, watakaokwenda ni wale wale wanaokwenda kila mahali. Shule inaweza kuweka vigezo vingine viwili: mahudhurio katika mazoezi na mwenendo. Kisha bajeti ipangwe ikiwa na nafasi za wasio na uwezo. Kwa mfano, kundi la wanafunzi 20 likigharimu shilingi milioni 12, kila mmoja atatakiwa kuchangia shilingi 600,000. Wanne wakidhaminiwa kikamilifu na wafadhili au kwa mradi wa shule, wafadhili wanatafutiwa shilingi 2,400,000, na mchango wa waliobaki haupandi. Kiasi hicho kinaweza kutafutwa mwaka mzima kwa kuuza mazao ya bustani ya shule na kwa kuwaomba wafanyabiashara wa wilaya. Hesabu zote zisomwe mbele ya bodi ya shule, kabla na baada ya safari.

Wasichana wazingatiwe kwa namna ya pekee. Katika kaya nyingi baiskeli ni chombo cha baba na kaka, hivyo msichana anaweza kufika kidato cha tatu bila kuwahi kushika usukani. Uteuzi ukifanyika siku ya kwanza ya majaribio, wengi wao wataachwa. Ukifanyika baada ya miezi mitatu ya mafunzo, orodha itakuwa tofauti kabisa.

Mazoezi kabla ya mpaka

Baiskeli ya mizigo yenye keria na gia moja, inayojulikana na kila mwanafunzi, haifanani na baiskeli ya milimani. Hii ina gia nyingi, matairi mapana yenye meno na breki zinazoshika kwa haraka. Kosa la kawaida la mgeni ni kubana breki ya mbele peke yake kwenye mteremko. Gurudumu la mbele husimama, uzito wa mwili unaendelea kwenda mbele, na mwendeshaji hurushwa juu ya usukani. Wanafunzi wafundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona, kwa breki zote mbili na kidogo kidogo. Wakishuka, wasogeze kiuno nyuma na pedali zote mbili ziwe usawa. Wakipanda, wabadilishe gia kabla miguu haijachoka, si baada ya mnyororo kukazika.

Kila mwanafunzi ajifunze pia kuziba pancha, kurudisha mnyororo uliotoka na kukagua raba za breki. Kofia ngumu ni lazima, tena yenye kumtosha mvaaji: isicheze kichwani, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Asiye na kofia haendeshi, hata kama amebakiza mita mia moja kufika kambini.

Jambo jingine ni upande wa barabara. Rwanda magari hupita kulia, si kushoto kama Tanzania. Mwanafunzi aliyezoea kutazama kulia kwanza anapovuka barabara anaweza kuingia mbele ya gari linalotoka kushoto. Zoezi la kupita kulia lirudiwe katika uwanja wa shule hadi liwe mazoea. Kuligundua jambo hilo barabarani ni kuchelewa.

Siku za safari

Tarehe 6 Mei 2017, wilayani Karatu, basi lililobeba wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema liliporomoka korongoni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Kumbukumbu hiyo yatosha kueleza kwa nini ukaguzi wa basi si suala la karatasi tu. Gari likaguliwe na Polisi wa Usalama Barabarani, liwe na leseni halali ya LATRA na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya madhara kwa watu wengine nje ya nchi. Idadi ya abiria isizidi viti, na safari ifanyike mchana. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 150, na kutoka Kigali hadi Karongi ni mwendo wa takriban saa tatu, hivyo kulala Kigali siku ya kwanza ni uamuzi wa hekima.

Rusumo ni kituo cha pamoja cha forodha, ambapo maofisa wa nchi zote mbili huhudumia wasafiri mahali pamoja. Orodha ya majina yenye mhuri wa shule, iliyopangwa sawasawa na hati za kusafiria, itaokoa muda mwingi. Saa zirudishwe nyuma kwa saa moja. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani, kwani Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Kukodi baiskeli nchini humo huondoa usumbufu wa kuzitangaza forodhani, ila kila moja ikaguliwe na fundi mbele ya mwalimu kabla ya malipo.

Njiani, mtu mzima mmoja aongoze na mwingine afunge msafara, na hakuna mwanafunzi anayempita wa kwanza wala kubaki nyuma ya wa mwisho. Kila kundi la watano au sita liwe na msimamizi wake. Gari la huduma ya kwanza lifuate nyuma. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani haitoshi, kwa hiyo ikatwe bima ya safari inayotaja wazi kwamba uendeshaji wa baiskeli umo. Namba ya dharura ya polisi nchini Rwanda ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 912. Ziandikwe kwenye kadi ambayo kila mtoto ataibeba, pamoja na namba ya mwalimu mkuu wa msafara.

Karongi iko karibu na Bisesero, kilima ambacho watu wake walijihami kwa mawe na fimbo mwaka 1994. Kumbukumbu yake ni miongoni mwa nne zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2023. Wanafunzi waandaliwe darasani kabla ya kufika, na waelezwe kwamba kumuuliza mwenyeji kabila lake ni kumvunjia heshima. Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, hivyo salamu njema haitakosa wa kuijibu.

Baada ya kurudi

Shule iwasilishe taarifa kwa Afisa Elimu Sekondari, ikiwa na hesabu za fedha, ajali zilizotokea hata zilizo ndogo, na mambo ya kurekebishwa. Taarifa hiyo ndiyo mwongozo wa shule itakayofuata. Kwa ushauri, wakuu wa shule wanakaribishwa katika Idara ya Elimu Sekondari ya Halmashauri siku za kazi, kabla ya barua ya kwanza kuandikwa.