Umekula Nini Jana Usiku?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kijana wa kidato cha pili anajitoboa kidole, anakamua tone la damu na kusubiri sekunde chache. Mashine inaonyesha 15.2. Mama yake, ambaye hata dirisha hajafungua, anauliza: "Umekula nini jana usiku?" Kijana hakutia kitu kinywani baada ya ugali na mchicha wa saa mbili. Akisema hivyo, haaminiwi. Maswali ya namna hiyo yakirudiwa mwezi mzima, kijana huacha kupima, au huanza kuandika kwenye daftari la kliniki namba za kubuni: 7.1, 6.8, 7.4, namba nzuri nzuri za kumpendeza mtu mzima.

Nawaandikia wazazi wa nyumba hiyo. Kijana wenu huenda anasema kweli, na sayansi inamuunga mkono tangu miaka ya 1980.

Kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, hutengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoziwezesha seli za misuli kuipokea sukari kutoka kwenye damu. Katika kisukari aina ya kwanza, alicho nacho kijana wenu, kinga ya mwili huzishambulia seli zinazoitengeneza mpaka zikaisha. Si kosa la chai yenye sukari nyingi wala la peremende za utotoni. Tangu hapo insulini lazima itoke kwenye kichupa, kila siku, na anayekadiria kiasi chake ni binadamu.

Kisha huja balehe. Usiku, kijana akiwa usingizini, mwili wake humwaga kwa wingi homoni ya ukuaji. Ndiyo inayorefusha mifupa, lakini pia huifanya misuli iwe mizito kuisikia insulini. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha vipimo vyao: waliwaingizia watoto na vijana insulini na glukosi kwenye mshipa kwa viwango vilivyodhibitiwa, wakaona kwamba kwa waliokuwa katika balehe insulini ilifanya kazi pungufu kuliko kwa watoto wadogo. Ilikuwa hivyo hata kwa vijana wasio na kisukari. Hao kongosho lao huongeza insulini kimyakimya, na nyumbani hakuna anayegundua lolote. Kijana wetu hana pa kuongezea isipokuwa kwenye bomba la sindano.

Tazama hesabu yake. Kabla ya balehe, mtoto kwa kawaida huhitaji uniti 0.7 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Katika balehe mahitaji huweza kupita 1.2 na hata kufika 2. Mtoto wa kilo 30 aliyetoshwa na uniti 24 akiwa darasa la sita anaweza, akifikisha kilo 50, kuhitaji 60 au zaidi. Kumbakiza kwenye dozi ya zamani kisha kumgombeza kwa sukari kupanda ni kumwonea.

Dozi hiyo haipandishwi kwa kubahatisha nyumbani. Hupandishwa kliniki, kwa kutazama namba za kweli, na hapo ndipo daftari la uongo linapoumiza: daktari akiona 6.8 za alfajiri ataacha dozi ilivyo. Ukweli utajitokeza kwenye kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu kwa muda wa miezi miwili mitatu, ila kijana atakuwa ameishi miezi hiyo yote na kiu, uchovu na kukojoa usiku. Ndiyo maana nasisitiza namba isipokewe kwa hasira. Akionyesha 15, mwambie asante kwa kupima.

Wengine hushuku dawa: pengine imeharibika, maana nyumbani hakuna friji. Kichupa kilichoachwa juani huharibika kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliofuata joto halisi la kambi ya Dadaab, Kenya, ulionyesha kuwa insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye friji. Chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kivulini, ni msaada wa kweli.

Insulini na vijana wamefahamiana tangu mwanzo. Mtu wa kwanza kuchomwa sindano yake, Toronto, tarehe 11 Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Dawa ilikuwa chafu, haikumsaidia, ikamletea jipu. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 sukari ikashuka. Agosti mwaka ule alifika Elizabeth Hughes, naye wa miaka 14, aliyebaki na takriban kilo 20 kwa sababu tiba pekee iliyokuwapo ilikuwa kula kidogo mno. Alijifunza kujichoma mwenyewe, akaishi mpaka mwaka 1981. Lakini muuguzi alikuwa pembeni yake. Siku hizi tunamkabidhi mtoto bomba na kichupa anapotimiza miaka 13, tukisema sasa amekua, kumbe ndio umri ambao mwili wake ni mgumu zaidi kuutabiri. Mkabidhi polepole. Achome yeye, wewe kaa karibu. Ahesabu yeye uniti, wewe uhakikishe.

Na mfuko wa sare usikose sukari. Jasho, kutetemeka, hasira ya ghafla uwanjani: hizo ni dalili za sukari kushuka, na vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha kupima tena baada ya dakika 15, huokoa. Mwalimu wa zamu ajue hilo kabla ya kumwita mtovu wa nidhamu.

Balehe ikimalizika, mwili huanza tena kuisikia insulini. Uniti zilizomtosha kidato cha tatu huweza kumzidi akifika cha sita, na sukari ikaanza kushuka usiku bila sababu inayoonekana. Mama akiamshwa saa nane na kijana aliyelowa jasho, ampe sukari kwanza, na asubuhi walipeleke daftari kliniki wakaombe dozi ipunguzwe.