Mkrismasi Uani Kwetu

Kila mwaka ikaribiapo Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana, mkrismasi huvaa maua mekundu, nasi wenye nyumba hutamani kuwa nao uani. Ni tamaa njema. Lakini kabla ya kushika jembe yatupasa kujua mambo mawili: mti wenyewe ni upi, na mahali pake ni wapi.

Asili yake ni Madagaska, na habari zake zilipigwa chapa Uingereza mwaka 1829. Ua lake lina petali tano: nne ni nyekundu, na ya tano ni nyeupe yenye madoa. Uchanuapo, hakuna awezaye kukosea. Taabu ni mche, maana majani yake kama manyoya hufanana na ya mjakaranda, ule wa maua ya zambarau uliotoka Amerika ya Kusini. Basi tazameni kijiti: majani ya mjakaranda huota mawili mawili yakielekeana, ya mkrismasi hupishana, moja huku, moja kule. Tena ganda la mbegu la mkrismasi ni refu kama ala ya panga. La mjakaranda ni bapa, la mviringo.

Mbegu ni ngumu. Zimwagieni maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, mziache usiku kucha. Zilizovimba ndizo za kupanda. Mche ukifika magotini, uhamisheni mvua zianzapo, katika shimo la futi mbili lenye samadi iliyooza.

Sasa mahali, na hapa sisi tulikosa. Tulipanda wetu hatua nne kutoka ukutani, ili kivuli kifike barazani upesi. Hatukujua kuwa mizizi yake hutambaa juu juu, na matawi hutanda mbali. Mwaka wa saba ukachanua. Mwaka uo huo baraza likapasuka. Tulipoukata, watoto walioumwagilia maji walilia, nasi hatukuwa na neno la kuwajibu. Kosa halikuwa la mti. Lilikuwa letu, tuliopima mahali kwa kimo cha mche.

Basi, wazazi na walimu, upandeni hatua kumi na tano kutoka nyumbani au shuleni, wala si kando ya mboga, maana chini yake mimea hudhoofu. Wa pili wetu tumeupanda hivyo. Haujachanua bado. Watoto wale sasa ni watu wazima, na yamkini watakaocheza chini ya maua yake ni wana wao. Nasi twaumwagilia maji.